Giza Lenye Sheria: Usiku wa Wayira, Watu-Chui wa Beni na Michezo ya Siku Hizi



Mara nyingi katika maandiko ya namna hii tunaongea juu ya ndoa, mavuno, majina ya watoto na heshima kwa wakubwa. Mara hii tunataka kuongea juu ya giza. Usishangae. Giza pia ni sehemu ya urithi, na mtu asiyejua giza la kwao ataletewa la wengine, atalipokea bila kuuliza.

Tunaanza na vijana. Ukipita jioni katika mitaa ya Butembo ama Beni utawaona wameinama juu ya simu, wanaangalia picha za mashetani, wafu wanaotembea, wafalme wa kuzimu na ngome nyeusi. Wanapenda mambo hayo, tusijidanganye. Tena kuna mchezo mwingine wa namna hiyo, ambao hauombi umeme wala simu. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, jina lake Dungeons & Dragons. Watu wanne ama watano wanakaa kwenye meza. Mmoja ni msimulizi: yeye ndiye anayejua ile dunia, mapango yake, wafalme wake, mizimu yake. Wengine, kila mmoja anachukua nafsi ya mtu fulani: askari, mganga, mwizi, mwindaji. Msimulizi anasema: «Mmefika penye msitu, jua limezama, mnafanya nini?» Wanashauriana, wanajibu, wanarusha dadu ili kujua kama tendo lao limefaulu, na hadithi inasonga mbele, pengine kwa miezi mingi.

Tusikimbilie kusema ati hayo ni mambo ya Wazungu tu. Mzee aliyekaa kyaghanda angeutambua mchezo huo mara moja. Swali letu ni lingine: kijana wa kwetu akitaka kutunga dunia ya giza, iwe kwa mchezo wa meza, kwa hadithi ama kwa sinema, atachota maji yake wapi? Visima ni viwili. Kimoja ni cha wazee wetu. Cha pili kilichimbwa na wageni, lakini katika udongo wetu, na ndicho kinachojulikana zaidi duniani. Tutazame vyote viwili.

1. Kisima cha wazee

Wayira, ambao wengi wanawaita Wanande, ni watu wa milima na msitu. Ndugu zao Wakonzo wanakaa ng'ambo, upande wa Uganda, na kati yao unasimama Ruwenzori, wenye theluji juu na urefu wa metre 5.109. Mtu aliyezaliwa mahali kama hapa hakosi vitu vya kuogopa. Juu kuna baridi inayoua. Chini kuna bonde la Semliki lenye joto, simba na tembo. Upande wa magharibi kuna msitu wa Ituri, ambamo hata mchana jua linafika kidogo tu.

Wazee walipanga vitisho hivyo, hawakuviacha vitawanyike. Juu ya vyote walimweka Nyamuhanga, Muumba. Chini yake walihesabu avalimu, yaani mizimu, na kila mmoja na mahali pake na kazi yake. Ile theluji ya Ruwenzori ni makao ya Kitasamba, na mke wake anaitwa Nyabibuya. Wanyama wa porini wana bwana wao, Kalisya. Wanasimulia ya kwamba yeye ni nusu ya mtu: mguu mmoja, mkono mmoja, jicho moja. Mwindaji anayeingia msituni anajua kuwa nyama si mali yake, ni mali ya Kalisya, na anapaswa kumheshimu kabla ya kuomba.

Angalia vizuri hapo, ndugu msomaji. Kalisya ni wa kutisha, hakuna shaka. Ukimwonyesha mchoraji wa michezo ya giza atafurahi sana. Lakini Kalisya si mwovu. Ana haki yake, na mtu anajua namna ya kuishi naye: kuomba, kushukuru, kutoua kupita kiasi. Anayekosa sheria ndiye anayepotea. Anayeishika anarudi nyumbani na nyama yake.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa mwami. Mtaalamu mmoja wa historia, Randall Packard, alikaa kwa Washu akachunguza mambo ya utawala wao, akatoa kitabu mwaka 1981 kinachoitwa Chiefship and Cosmology. Alionyesha ya kuwa kwa wazee kulikuwa na pande mbili: upande wa nyumbani, penye mashamba na moto, na upande wa pori, penye nguvu zisizofugwa. Pori halikuwa baya tu, maana mvua na dawa na nyama vinatoka huko. Baya ni pande hizo mbili zikichanganyika ovyo. Kazi ya mwami ilikuwa kusimama mpakani, kuleta nguvu ya pori nyumbani kwa kipimo. Ikija njaa, ukame ama ugonjwa, watu walimtazama mwami kwanza: «Umefanya nini? Mpaka umevunjika wapi?» Aliyetaka kiti chake aliweza kusema ya kwamba nchi imeharibika mikononi mwake. Kwa hiyo giza lilipoingia kijijini, kulikuwa na mtu wa kulijibia.

Vijana nao walifundishwa giza kwa mpango. Wakati wa olusumba, yaani tohara, walipelekwa msituni, mbali na mama zao, wakajifunza kuvumilia maumivu na hofu. Waliingia wakiwa watoto, wakatoka wakiwa watu. Njia ya kuingia ilijulikana, na ya kutoka vilevile.

Halafu kyaghanda. Ile nyumba ya wanaume yenye moto katikati ilikuwa mahali pa kula, pa kukata maneno na pa kumpokea mgeni. Usiku, kazi ya jembe ikiisha, ilikuwa mahali pa hadithi. Kwa upande wa jikoni, wazee mama waliwasimulia watoto ya kwao. Mzee alipotamba juu ya zimwi ama mwindaji aliyepotea, vijana hawakukaa kimya kama watu wanaotazama televisheni. Waliitikia, waliuliza, walibishana: yule mwindaji angefanya nini? Kwa nini alimdharau yule mzee wa njiani? Kuna tofauti gani na ile meza ya Wamarekani? Dadu tu. Mahali pa dadu, kyaghanda ilikuwa na miiko, na mzee wa kukumbusha kila mmoja matokeo ya kitendo chake.

2. Kisima cha wageni

Sasa tuje kwenye kisima cha pili. Tarehe 24 Mei 1888 Henry Morton Stanley aliiona theluji ya Ruwenzori. Mwaka 1889 msafara wake ulipita katika bonde la Semliki. Mwaka 1890 alitoa kitabu chake, na kwa Kifaransa jina lake ni Dans les ténèbres de l'Afrique, katika giza za Afrika. Msitu ambao Wambuti waliishi ndani yake kama mtu anavyoishi katika nyumba yake, kwake ulikuwa giza. Hakukosea kusema kuna miti mingi na jua dogo. Shida ni kwamba neno hilo lilitoka kwenye miti likawaangukia watu.

Mfano mmoja ni wa kuchekesha. Huko Ulaya walikuwa wamesikia habari za mnyama wa ajabu wa msitu huu, wengine wakafikiri ni mnyama wa hadithi tu. Mwaka 1901 Harry Johnston alipata ngozi na mafuvu kutoka kwa ofisa Mswedi, Karl Eriksson, aliyekuwa kwenye ngome ya Beni. Ndipo okapi akaandikwa katika vitabu vya elimu. Kumbe Wambuti walikuwa wanamjua siku zote, njia zake na nyama yake.

Lakini kiumbe kingine kilichotoka upande wetu hakichekeshi. Ni mtu-chui.

3. Watu-chui walikuwa nani

Kati ya mwaka 1890 hivi na mwaka 1940, katika misitu ya kaskazini-mashariki ya Congo, watu waliuawa na wauaji waliojifanya chui. Kwa Wabali, upande wa Bafwasende, waliitwa anioto. Kwetu, katika teritwari ya Beni, waliitwa vihokohoko, na mauaji yao yalitikisa nchi katika miaka ya 1930. Walivizia watu wanaopita peke yao, mara nyingi wanawake na watoto waendao shambani ama mtoni. Maiti zilikutwa na alama kama za kucha za chui. Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya wanaonyesha kucha za chuma, mavazi ya gome la mti yenye madoa, na fimbo zilizochongwa kama nyayo za chui.

Kwa nini chui? Ni kwa sababu chui si mnyama wa bure bure. Katika nchi hizi ngozi ya chui ilikuwa alama ya mwami. Aliyevaa chui ili aue alikuwa anasema: nguvu ya nchi hii iko kwangu.

Wakoloni walitoa maelezo mawili. La kwanza: hao ni washenzi wanaokula damu kwa sababu giza liko ndani yao. La pili, lililokuja baadaye: hao ni waasi wanaopinga Serikali. Mtaalamu Vicky Van Bockhaven amechunguza karatasi za zamani kwa miaka mingi, akaandika juu yake mwaka 2013 na tena mwaka 2018. Anaonyesha kitu ambacho mtu wa hapa hatashangaa kukisikia: nyuma ya kucha kulikuwa na siasa ya mahali. Serikali ya Wabelgiji, kwa amri za mwaka 1910 na mwaka 1933, ilipanga watu upya chini ya machefu inaowatambua. Wadogo waliwekwa chini ya wakubwa, wengine walipoteza ardhi, wengine walipata medali. Ndani ya mapigano hayo wakubwa fulani walitumia watu-chui kutisha wapinzani, kulinda wilaya yao na kulipa kisasi. Mchana walimpokea msimamizi Mbelgiji kwa heshima na kodi. Usiku walituma chui. Ngozi ilikuwa na faida kubwa: aliyeuawa ameuawa na mnyama, nani atamshitaki mnyama?

Kumbuka pia ni miaka gani. Park Albert iliundwa mwaka 1925. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 na 1930 watu waliondolewa katika bonde la Semliki kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na baadaye sehemu kubwa ya bonde ikaingizwa katika park. Migodi ilitaka wafanyakazi, barabara zilitaka mikono, Serikali ilitaka kodi. Mpaka kati ya nyumbani na pori, ule ambao mwami alipaswa kuulinda, ulikuwa umesukumwa na mtu mwingine kwa kalamu. Hatusemi hayo ili kuwatetea wauaji. Mama aliyekufa njiani kwenda mtoni hakuwa ameandika amri ya mwaka 1910. Tunasema tu ya kwamba mauaji yale yalikuwa na sababu, yalikuwa na watumaji, na yalikuwa na faida kwa mtu fulani. Mahakama za wakoloni zilifunga wengi na kunyonga baadhi, lakini mara nyingi walikamata mkono, kichwa kikabaki.

Tena hatutaki msomaji yeyote achukue habari hii ili anyooshe kidole kwa kabila jirani. Watu-chui hawakuwa kabila. Walikuwa chombo, na chombo kinashikwa na mwenye kukihitaji.

4. Safari ya chui mpaka kwenye meza

Sasa tazama safari ya ajabu ya huyu mtu-chui. Mwaka 1913 mchonga sanamu Paul Wissaert alimtengeneza kwa ajili ya jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles: mtu amevaa madoa, uso umefunikwa, kucha mkononi, ameinama juu ya mtu aliyelala. Watoto wengi wa Ubelgiji waliikuta Congo mara ya kwanza mbele ya sanamu hiyo. Mwaka 1930 na 1931 Hergé alichapisha hadithi ya picha ya Tintin huko Congo, na ndani yake yumo mtu-chui wa anioto. Marekani, Edgar Rice Burroughs, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alitoa kitabu Tarzan and the Leopard Men mwaka 1935. Mwaka 1979 yule Gary Gygax wa mchezo wa meza alichapisha kitabu cha kuwaongoza wasimulizi, na mwishoni akaweka orodha ya waandishi waliomfungua akili. Burroughs yumo. Ni kweli, vitabu vyake vinavyotajwa pale si vile vya Tarzan, ni vya sayari na nchi za chini ya ardhi. Lakini ni mkono uleule na mtindo uleule: msitu usiojulikana, watu wasio na majina, hatari isiyo na sababu, na shujaa mgeni anayepita akikata kwa upanga.

Hivyo mauaji ya mahali petu, yenye majina na sababu, yalifika mbali yakiwa yamevuliwa kila kitu isipokuwa ngozi. Amri ya mwaka 1910 ilibaki nyuma. Mashindano ya machefu yalibaki nyuma. Yule mama wa mtoni alibaki nyuma. Kilichosafiri ni madoa na kucha.

Wakongomani hawakunyamaza. Mwaka 2002 mchoraji wetu Chéri Samba wa Kinshasa alichora picha inayoitwa Réorganisation. Ndani yake watu wanaivuta ile sanamu ya Wissaert kuitoa nje ya jumba la Tervuren, na wengine wanaivuta kuirudisha ndani. Jumba lilifungwa mwaka 2013 kwa ajili ya kutengenezwa upya, likafunguliwa Desemba 2018. Sanamu ya mtu-chui iliondolewa kwenye maonyesho ya kawaida, ikawekwa chini pamoja na sanamu nyingine za namna yake, ili mgeni ajue kuwa hizo ni mawazo ya zamani.

5. Kwa nini jambo hili si la kuchezea tu

Mtu anaweza kutuuliza: «Mnatusumbua na sanamu na michezo, wakati watu wanakufa?» Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba mambo hayo yameshikana.

Tangu Oktoba 2014, mjini Beni na katika teritwari yake watu walianza kuchinjwa usiku kwa mapanga na mashoka, katika mashamba na vijiji. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 ilikuwa Rwangoma, mjini Beni kwenyewe, na waliokufa walihesabiwa kwa makumi. Jina lilitolewa haraka: ADF, kundi lililotoka Uganda ambalo liko upande wetu tangu miaka ya 1990. Hatusemi jina hilo ni la uongo. Kundi hilo limemwaga damu nyingi. Lakini mwaka 2016 uchunguzi wa Congo Research Group ulionyesha ya kuwa katika mauaji ya miaka ile kulikuwa na mikono mingine pia, ya wanamgambo wa hapa na ya askari fulani. Basi jina nalo linaweza kuwa ngozi ya chui. Ukisema jina moja kwa kila maiti, hutauliza tena nani alituma, nani alipata shamba, nani aliuza mbao na kakao ya waliokimbia.

Halafu Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, na ukatangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 waliugua, 2.287 wakafa. Wakati huohuo uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa kwa Beni na Butembo, hata Machi 2019, wakati nchi nzima ilishapiga kura. Watu walisema: ugonjwa huu umetengenezwa. Wengine walisema madaktari wanaiba viungo. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa Butembo. Uvumi ule haukutoka hewani. Watu walikuwa wamechinjwa miaka minne bila ulinzi, halafu mara moja magari mengi na pesa nyingi zikaja kwa ajili ya ugonjwa. Ilikuwa haki kuuliza. Lakini walioanza na swali wakaishia na zimwi, na zimwi halina sikio la kusikiliza jibu.

Hapo ndipo tunaona tofauti ya visima viwili. Katika giza la wazee, kitu cha kutisha kikija, unauliza: ni cha nani, mpaka gani umevunjika, nani ajibu? Katika giza lililochorwa na wageni huulizi kitu. Unaogopa ama unapiga. Na ubaya ni kwamba siku hizi sisi wenyewe tunalitumia giza hilo la pili juu ya nchi yetu. Tunasema «Beni ni damu», «huko ni shetani tu», kama vile mauaji ni hali ya hewa.

Hata Mai-Mai wa kwetu, walipojipaka maji ya dawa, walipewa miiko: usiibe, usiguse mwanamke, usile kitu fulani. Waliosimamia dawa walisema anayevunja mwiko risasi itampata. Mwenye kuamini dawa na asiyeiamini wanaweza kukubaliana juu ya jambo moja: mwanzoni nguvu iliwekewa masharti. Wananchi wa Beni na Lubero wanajua vizuri yaliyotokea pale ambapo bunduki ilibaki na miiko ikaachwa.

6. Tunachoomba kwa wanaotunga

Basi hatuwaambii vijana waache hadithi za giza. Mzee aliyekataza hadithi za kutisha hakuweko kyaghanda. Tunawaomba mambo manne tu, nao watayapima.

Kwanza, kila cha kutisha kiwe na bwana wake na sheria yake. Kama kuna kiumbe msituni, mchezaji aweze kujifunza anataka nini, anakataa nini. Kalisya anafaa kuliko zimwi mia moja wasio na jina.

Pili, kukiwa na mtu-chui katika hadithi, asiwe mnyama wala kabila. Awe na mtu aliyemtuma. Na wachezaji wasishinde kwa kumuua yeye tu. Washinde wanapofika kwa yule aliyeshona ngozi, wakajua alitafuta nini. Hiyo ndiyo kazi iliyoshinda mahakama za mwaka 1930 na kitu, na iliyoshinda za siku hizi pia.

Tatu, waliokufa wawe na majina katika hadithi. Katika michezo mingi kijiji kinachomwa ili shujaa apate hasira. Sisi tunajua vijiji vilivyochomwa. Aliyekuwa anaenda shambani alikuwa na jina, jembe, deni kwa jirani na mtoto anayemngoja. Yatungwe majina ya kubuni, yasichukuliwe majina ya marehemu wa kweli, lakini yawepo.

Nne, pawe na njia ya kurudi nyumbani. Olusumba ilikuwa na siku ya kutoka, na kyaghanda ilikuwa na mwisho wa usiku: moto unafunikwa majivu, watu wanaenda kulala. Mtoto wa Beni aliyelala porini kwa sababu ya vita hahitaji kuambiwa ya kwamba giza lipo. Anahitaji kusikia habari ya mtu aliyepita ndani yake akafika.

Wazee wengi waliojua mambo haya wamekwisha kwenda, na vita imevunja vyaghanda vingi kuliko mapadri na shule. Waliokimbilia mjini wanapanga chumba kimoja, na moto wa kukaa pamoja haupo. Kama vijana wanne wakikaa kwenye meza moja bila simu, wakasikilizana mpaka usiku mkubwa, wakauliza katika hadithi «nani alituma?», sisi hatutawauliza mchezo huo umetoka nchi gani. Tutaomba tu kiti kwa mzee mmoja, kama yuko bado mtaani kwao, ili awasahihishe majina ya mizimu.